Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Viwango vya Kodi, Mapato ya Serikali na Mahali Watu Wanapoishi Uganda

Kila mwaka mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa na viwango vipya vikisubiri kuanza tarehe 1 Julai, maswali yaleyale hurudi katika maduka, maofisini na misibani: je, serikali ikipandisha kodi itapata zaidi? Je, watu hawatahama? Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayelipa kodi Uganda, au anayefikiria kuondoka Uganda au kuingia kwa sababu ya kodi.

Kwa nini kiwango kikubwa cha kodi si lazima kilete mapato makubwa?

Mapato ya kodi hutokana na mambo mawili yanayozidishwa: kiwango, yaani asilimia inayotozwa, na wigo, yaani thamani ya kile kinachotozwa. Bunge linaweza kubadilisha kiwango kwa kura ya siku moja, lakini wigo uko mikononi mwa watu. Mwenye duka akiuza bila risiti, dereva akijaza mafuta upande wa pili wa mpaka, au mteja akiacha huduma iliyopanda bei, asilimia hubaki vilevile kwenye sheria huku kitu cha kutozwa kikipungua.

Chukua huduma yenye mauzo ya shilingi bilioni 1 kwa mwezi, inayotozwa asilimia 10. Serikali hupata milioni 100. Kiwango kikipandishwa hadi asilimia 15 na mauzo yakashuka hadi milioni 600, serikali itapata milioni 90. Mlipakodi ameumia, muuzaji ameumia, na hazina nayo imepoteza. Si kila ongezeko huishia hivyo, lakini hesabu hii ndiyo inayopaswa kufanywa kabla ya kupandisha kiwango chochote.

Je, jambo hilo limewahi kutokea Uganda, au ni nadharia tu?

Limetokea, tena karibuni. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu anayetumia mitandao ya kijamii kama WhatsApp, Facebook na Twitter. Katika mwaka wa kwanza ilitarajiwa kuleta shilingi bilioni 284. Zilizokusanywa hazikufika bilioni 50. Vijana walijifunza kutumia VPN, yaani programu zinazoficha kile unachofungua mtandaoni, ndani ya juma moja, wengine wakaacha kununua bando, na mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye bando zenyewe.

Siku hiyohiyo ya Julai 2018 ilianza kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, iliyotozwa wakati wa kuweka, wa kutuma na wa kutoa. Nakumbuka kibanda cha wakala mmoja karibu na stendi ya mabasi mjini Busia katika wiki hizo. Kurasa za Juni za daftari lake zilikuwa zimejaa namba za simu mpaka pembezoni. Ukurasa wa siku ile ya Julai ulikuwa na mistari mitano. Pembeni yake mama muuza samaki alikuwa akihesabu noti, akazifunga kwa mpira, akaziviringisha ndani ya leso na kumkabidhi kondakta wa basi la Kampala ampelekee mwenzake. Mama yule hakuwa amehama popote, wala biashara yake haikuwa imesimama, ila pesa zake zilikuwa zimeiacha njia inayoonekana na kurudi kwenye njia isiyoonekana. Baada ya malalamiko makubwa, kodi hiyo ilipunguzwa hadi asilimia 0.5 na kuachwa kwenye kutoa pesa peke yake, na hivyo ndivyo wengi wanavyoijua leo: anayetoa shilingi 100,000 hukatwa 500.

Linganisha na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT. Ilianza Julai 1996 kwa asilimia 17, ikapandishwa hadi asilimia 18 mwaka 2005, na kupanda huko hakukuleta kishindo cha namna ile. Sababu ni kwamba kodi hii imetandazwa juu ya bidhaa na huduma nyingi kwa pamoja, na sehemu yake kubwa hukusanywa forodhani mzigo unapoingia nchini, kwa hiyo mnunuzi hana pa kuikimbilia kwa urahisi. Kodi ya kitu kimoja chenye mbadala wa karibu hukimbiwa haraka. Kodi iliyoenea hukimbiwa polepole.

Mkunjo wa Laffer ni nini, na Uganda iko wapi kwenye mkunjo huo?

Ni mchoro unaohusishwa na mchumi wa Marekani Arthur Laffer, aliyeueleza kwa wanasiasa mjini Washington mwaka 1974. Unasema kwamba kodi ya asilimia 0 haileti chochote, na kodi ya asilimia 100 nayo haileti chochote kwa kuwa hakuna atakayefanya kazi hadharani ili anyang'anywe vyote. Kwa hiyo mahali fulani kati ya hapo pana kilele, na ukikipita, kila nyongeza hupunguza mapato. Wazo lenyewe ni la kale zaidi. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika kwamba dola ikiwa changa hutoza kidogo ikapata kingi, na ikizeeka hutoza kingi ikapata kidogo.

Kosa la wengi ni kuchukua mchoro huo kama hoja ya kupunguza kila kodi. Jimbo la Kansas nchini Marekani lilipunguza sana kodi ya mapato mwaka 2012 kwa ahadi kwamba uchumi ungekua na kulijaza pengo. Pengo halikujaa, na mwaka 2017 bunge la jimbo, ambalo wengi wake walikuwa wa chama kilekile cha gavana, likazirudisha kodi hizo juu ya pingamizi lake.

Kuhusu Uganda, hakuna mkunjo mmoja wa nchi nzima. Kila kodi ina wake. Kodi ya mitandao ya kijamii ilikuwa imeshapita kilele chake siku ilipoanza. Kodi ya mshahara ya mtumishi wa umma, inayokatwa kabla pesa hazijafika benki, iko mbali na kilele kwa sababu mwenyewe hana nafasi ya kuificha. Hapa ndipo penye ubaya, kwa maoni yangu: kodi rahisi kukusanya huangukia walewale kila mwaka, na kukusanya zaidi kutoka kwao huonekana kuwa mafanikio. Jumla ya kodi Uganda bado ni takribani asilimia 13 hadi 14 ya pato la taifa, na kiasi hicho ni kidogo kwa sababu ya wigo mwembamba. Viwango vyenyewe, kwa asilimia 18 ya VAT na asilimia 30 ya faida ya kampuni, si vya chini hata kidogo.

Kodi ya mshahara haijapandishwa kwa miaka mingi. Kwa nini basi naona nakatwa zaidi?

Kwa sababu madaraja, yaani viwango vya mshahara ambapo kila asilimia huanza kukatwa, yalisimama na bei zikaendelea kwenda. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, mshahara wa hadi shilingi 235,000 kwa mwezi haukatwi. Kutoka hapo hadi 335,000 hukatwa asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 30, huku sehemu inayozidi milioni 10 ikiongezewa asilimia 10 nyingine.

Mlinzi aliyelipwa 230,000 mwaka ule hakukatwa kitu. Mlinzi wa lango lilelile leo, akilipwa 400,000 kwa sababu unga, sabuni na nauli vimepanda, hukatwa 23,000 kila mwezi, ingawa kile anachoweza kununua hakijaongezeka kwa kiasi hicho. Mwenye milioni 1 hukatwa 202,000, na bado hajakatwa akiba ya uzeeni ya asilimia 5. Hii ni nyongeza ya kodi ambayo haikupigiwa kura, na serikali hupata mapato zaidi bila kugusa asilimia hata moja. Anayetaka kujua kama kodi imepanda asiishie kutazama asilimia. Atazame pia madaraja yaliwekwa lini.

Je, ni kweli kwamba watu huhama kwa sababu ya kodi?

Inategemea kodi ya namna gani, na historia ya Uganda inatoa jibu lililo wazi kuliko nadharia.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Watu wengi hawakuwa na fedha taslimu, basi wakajibana: familia zilizokuwa na vibanda viwili au vitatu zikalala katika kimoja ili zihesabiwe mara moja. Serikali ya kikoloni ilipoona nyumba zinapungua huku watu hawapungui, ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Kodi ya vichwa hailazi watu katika kibanda kimoja, lakini iliwasukuma barabarani. West Nile na Kigezi, ambako hakukuwa na zao kubwa la biashara, yakawa maeneo ya kutoa vibarua; wanaume waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta shilingi za kodi katika mashamba ya kahawa, pamba na miwa ya Buganda na Busoga. Kutoka Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), wakati wa utawala wa Wabelgiji, maelfu walivuka kuja Buganda kwa sababu ya kodi na kazi za kulazimishwa kwao, pamoja na mishahara iliyokuwa bora upande huu. Wajukuu wao wako Uganda hadi leo. Kwa hiyo anayesema kwamba kodi haijawahi kuhamisha watu hajaisoma historia ya vijiji vyetu.

Baada ya uhuru, kodi ya kichwa ya madaraja iliendelea kukusanywa na serikali za mitaa. Wenye umri mkubwa wanakumbuka wanaume waliolala porini au kwenye migomba msimu wa msako, kwa sababu chifu na askari wake walibisha hodi alfajiri. Ilifutwa mwaka 2005. Vijana waliokuwa wakizurura mjini kwa kuogopa kurudi kijijini bila tiketi ya kodi waliweza kurudi, ingawa wilaya nazo zilipoteza chanzo chao kikuu cha mapato ya ndani, na mpaka sasa nyingi zinaishi kwa fedha zinazotoka Kampala.

Kinachounganisha mifano hii ni kwamba zilikuwa kodi za kiasi kilichopangwa, zenye kudaiwa kwa fedha taslimu hata kama mtu hakupata chochote mwaka huo. Kodi ya asilimia humngoja mtu apate kwanza. Ndiyo maana leo ni nadra kukutana na Mganda aliyehama nchi kwa sababu ya asilimia 30 ya mshahara wake. Wanaokwenda Dubai, Doha au London hufuata kazi.

Na matajiri, je? Hao si wepesi wa kuhama?

Ni wepesi kuliko wengine, lakini si wepesi kama wanavyotishia. Mcheza filamu Gérard Depardieu alihamia Ubelgiji mwaka 2012 Ufaransa ilipotangaza kodi ya asilimia 75 kwa mapato makubwa mno, na kodi hiyo ikaisha mwaka 2014. Monaco haiwatozi wakazi wake kodi ya mapato tangu mwaka 1869, na wenye fedha wameijaza. Lakini Ufaransa ilitia saini mkataba mwaka 1963 ili raia wake wanaohamia huko waendelee kulipa.

Wanaohama kwa urahisi ni wale ambao kipato chao kinabebeka: wachezaji wa mpira, wasanii wakubwa, wenye hisa. Mwenye jengo Kampala, shamba la chai Bushenyi au hospitali Mbarara hawezi kulibeba. Akitaka kukimbia kodi, atakachohamisha ni faida, kwa njia ya kampuni iliyosajiliwa nchi nyingine, huku yeye mwenyewe akiendelea kulala Kololo, mtaa wa Kampala.

Nikihama kutoka Kampala kwenda Wakiso au Gulu, kodi yangu itapungua?

Kodi ya mshahara, VAT na kodi ya faida ni zilezile nchi nzima. Kinachoweza kubadilika ni malipo ya serikali za mitaa, kama leseni ya biashara na kodi ya majengo, na hata hiyo ya majengo haitozwi kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake. Wakiso imepita watu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2024, huku Kampala ikiwa na takribani milioni 1.8, kwa sababu ya bei ya viwanja na pango.

Kwa nini basi mpakani kila mtu anaonekana kuvuka?

Kwa sababu bidhaa huhama pale ambapo mtu hahami. VAT ya Kenya ni asilimia 16 na ya Uganda ni 18, na ushuru wa mafuta, sigara na vinywaji nao hutofautiana. Kwa anayeishi mjini Busia tofauti ndogo inatosha: mpaka uko mwendo wa dakika chache, na njia za panya anazijua tangu utotoni. Kwa anayeishi Lira tofauti hiyohiyo haina maana, kwa kuwa nauli inaimeza.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kahawa ya miaka ya 1970. Bodi ya serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, nayo ilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila mwezi. Haikuitwa kodi, lakini ilikuwa kodi nzito kupita zote. Bei ya dunia ilipopaa mwaka 1976 na 1977, kahawa ya Bugisu ilishuka Mlima Elgon usiku, migongoni mwa watu na punda, hadi soko la Chepkube upande wa Kenya, ambako ililipwa kwa fedha yenye nguvu. Neno magendo likaingia katika lugha nyingi za Uganda. Hazina ya Kampala ilikosa kahawa, na pamoja na kahawa ikakosa fedha za kigeni za kununulia dawa na vipuri. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mkulima akaanza kulipwa bei iliyokaribia ya dunia, kahawa ilirudi kwenye njia za halali, ingawa polisi hawakuwa wameongezwa njiani.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa dhahabu. Julai 2021 tozo ya asilimia 5 iliwekwa kwenye dhahabu iliyosafishwa inayouzwa nje, na kwa miezi kadhaa takwimu rasmi hazikuonyesha dhahabu iliyotoka.

Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 12. Nani anailipa kwa kweli, mwenye nyumba au mpangaji?

Kisheria ni mwenye nyumba. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama. Mwenye vyumba vinne vya mstari mmoja, vile wanavyoviita muzigo, akipangisha kila kimoja kwa 200,000 kwa mwezi, hukusanya milioni 9.6 kwa mwaka na kudaiwa 813,600.

Kiuchumi jibu linategemea mtaa. Mahali ambapo vyumba ni vichache na wapangaji ni wengi, kama karibu na vyuo vikuu, mwenye nyumba huongeza pango na mpangaji ndiye anayelipa. Mahali ambapo vyumba vimejengwa kwa wingi na vingine viko vitupu, mwenye nyumba huimeza mwenyewe, kwa sababu mpangaji atahamia jirani. Hapo kodi huhamisha watu kweli, ila ni kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Misamaha ya kodi inaweza kuvipeleka viwanda mikoani?

Kidogo. Kwa miaka mingi sheria ilimruhusu mwekezaji kuondoa nusu ya gharama ya mitambo mwaka wa kwanza ikiwa aliifunga nje ya kilomita 50 kutoka Kampala, lakini viwanda vingi viliendelea kujengwa Namanve na Mukono, karibu na umeme, barabara na wanunuzi. Msamaha humfurahisha aliyekwisha kuamua kuja, na ni mapato ambayo yangeweza kujenga barabara hiyo anayoifuata.

Biashara yangu inakaribia mauzo ya milioni 150 kwa mwaka. Kwa nini wenzangu wanaogopa kuvuka?

Kwa sababu hapo ndipo VAT inapoanza kuwa lazima, pamoja na vitabu vya hesabu na risiti za EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Chini ya hapo, mwenye mauzo kati ya milioni 80 na 150 asiyeweka kumbukumbu hulipa shilingi 900,000 kwa mwaka na basi. Hatua ni kubwa mno kwa ghafla, hivyo wengine hugawa duka moja kuwa mawili kwa jina la mke au ndugu. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka wakilalamikia EFRIS na faini zake. Naona madai yao kuhusu faini yalikuwa na uzito, lakini mfumo wenyewe ndio unaoweza kupanua wigo hadi viwango vishuke kwa wanaolipa tayari.

Nikihamia nchi nyingine, Uganda itaendelea kunitoza?

Uganda hutoza kwa ukaazi na kwa chanzo cha kipato. Uraia peke yake hauleti deni, tofauti na Marekani, inayowafuata raia wake popote, au Eritrea, inayodai asilimia 2 ya kipato cha walioko nje. Wewe ni mkaazi ikiwa una makazi ya kudumu Uganda, au umekaa nchini siku 183 au zaidi katika miezi 12, au kwa wastani zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huu na miwili iliyotangulia. Mkaazi hutozwa kwa kipato cha dunia nzima, ila mshahara alioupata nje na kuulipia kodi huko hautozwi tena. Asiye mkaazi hutozwa kwa kile tu kilichotoka Uganda.

Nalala Busia ya Kenya lakini nafanya kazi Tororo. Nalipa wapi?

Mshahara wa kazi inayofanyika Uganda hutozwa Uganda, hata kama kitanda chako kiko Kenya. Mwajiri wako atakukata kila mwezi na kupeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Ikiwa ni kazi ya muda mfupi, tuseme miezi mitatu, na hutimizi masharti ya ukaazi, hupati ile nafuu ya 235,000 ya mwanzo: utakatwa asilimia 10 kuanzia shilingi ya kwanza, na kwa mshahara wa 500,000 makato yatakuwa 75,500 badala ya 52,000. Mwombe mwajiri hati ya makato kila mwaka, kwa kuwa ndiyo ushahidi utakaoutumia upande wa Kenya kuonyesha kwamba kipato hicho kimekwisha kutozwa.